Kisahani cha Fuensanta

Katika baa ya Angustias kila glasi huja na kisahani chake cha bure, na mkono wake ulishazoea kumwekea Eusebio viwili: jibini lake yeye, na samaki wa kukaanga wa mkewe Fuensanta. Adhuhuri ya kwanza baada ya kumzika Fuensanta, Angustias alijikuta keshaviweka vyote mezani. Akajilaani kimoyomoyo, akaona haya kukirudisha kimoja.

Alipokuja kufuta meza, cha samaki kilibaki miiba mitupu.

"Leo umekula samaki, Eusebio?"

"Mimi na samaki wapi na wapi, dada? Harufu yake tu hunitapisha."

Baani hamkuwa na mtu mwingine. Angustias alimimina divai, akaiweka mbele ya kiti kitupu.

"Hiyo siyo," Eusebio alisema taratibu. "Yeye hunywa ya baridi."