Kengele ya Mawe

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Hapana, nasema uongo. Hamsini na mbili bado nilikuwa navaa kaptula ya serikali kule kwenye kizuizi cha mbung'o, na siku ninayotaka kuieleza nilikuwa nimekwisha kuivua. Basi ni hamsini na tatu, pamba imekwisha kuuzwa, jua kali, vumbi limekaa hata kwenye kope za macho. Mnisamehe. Miaka kwangu mimi ni kama ng'ombe wa watu wengi kwenye lambo moja, lazima nimwangalie kila mmoja alama yake ndipo nijue ni wa nani.

Ninayetaka kumweleza ni Donatus. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa Msumbwa, mwana wa mrina asali, na tulisoma pamoja chuo cha ualimu cha misheni, mimi, yeye na Cornel, zamani kabla ya vita. Mimi sikumaliza. Baba alifariki, nikarudi kuchunga, na baada ya hapo sikutulia mahali. Cornel alimaliza akawa mwalimu mkuu Shinyanga. Donatus naye alimaliza, akafundisha miaka michache, kisha akaacha chaki akaenda mgodini upande wa Geita, mgodi mmoja mdogo ambao siku hizi hata shimo lake limeota majani. Walimpa nyumba ya bati na kazi ya kengele.

Pale chuoni tulimwita Popo. Alikuwa analala mchana. Analala kwenye sala ya asubuhi amepiga magoti, analala kwenye hesabu, analala huku amesimama anasubiri uji. Lakini mwalimu akimshtua kwa swali, Donatus anafumbua macho na kujibu sawasawa, darasa zima linaangua kicheko. Tulimpenda kwa hilo.

Sasa Jumapili hiyo Cornel alikuwa amefika kwa lori, ameletwa kuangalia shule ya watoto wa wafanyakazi. Mimi nilikuwa nauza kamba za katani nyumba kwa nyumba. Donatus akatukusanya kwake. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi hatujakaa watatu mahali pamoja. Mkewe, Euphrasia, alitutandikia mkeka barazani, akachinja kuku.

Cornel alikuwa kiranja wetu, na ukiranja haukumtoka. Alikaa juu ya kigoda, akanyoosha mgongo, akaanza kuita majina ya darasa zima kwa kichwa, kama zamani. Aliyepo ajibu mwenyewe, asiyepo tumsemee sisi, yuko wapi na amefikia wapi.

"Athanas!"

"Alikwenda vita ya Bama, kupigana na Wajapani," nikasema. "Hakurudi."

Cornel akakohoa.

"Jilala!"

"Ana wake watatu," akasema Donatus, "na meno hayafiki idadi hiyo."

Tulicheka mpaka Euphrasia akachungulia kutoka jikoni.

"Makoye!"

"Nipo, Mwalimu."

"Habari za maisha?"

"Nauza kamba."

"Mtu aliyeimba Kilatini anauza kamba!"

"Kamba yangu angalau inafunga kitu," nikamwambia. "Wewe miaka yote hiyo unafundisha, umemfunga nani?"

Alicheka mwenyewe akapangusa macho. Kisha akaita kwa sauti ya kiranja hasa: "Donatus!"

Kimya.

Tukageuka. Donatus alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, kidevu kimeanguka kifuani, midomo wazi.

"Popo huyo!" akasema Cornel akipiga paja. "Wallahi, mwanamume huyu hajabadilika hata kidogo!"

Nami nilicheka. Sikufikiri kitu. Tulifurahi kweli, kama watu waliokuta nguo yao ya ujana bado inawatosha. Cornel akamwita tena, Donatus akafumbua macho, tukangoja ajibu kama zamani. Hakujibu. Alimtazama Cornel muda mrefu, kama mtu anayetazama mgeni mlangoni, halafu akasema, "Lori limefika?"

"Lori gani, Popo? Nimekuja nalo asubuhi."

"Ah," akasema.

Chakula kikaja. Ugali wa muhogo, mlenda, na bakuli la mchuzi wa kuku uliotoka motoni sasa hivi, mafuta yanachemka juu. Euphrasia alitumiminia maji tukanawa. Donatus akamega tonge, akapeleka mkono kwenye bakuli, na mkono ukabaki mle ndani. Vidole vinne ndani ya mchuzi ule. Macho yamefumba. Mvuke unapanda kwenye kifundo cha mkono wake naye anapumua taratibu.

Cornel aliruka akamvuta mkono. Ngozi ilikuwa nyekundu, imeanza kuinuka. Donatus akaamka, akautazama mkono wake, akauliza, "Nani kamwaga?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Euphrasia alimpaka asali pale palipoungua, akamfunga kitambaa. Kisha akageuka kwangu, si kwa Cornel, sijui kwa nini.

"Shemeji, usiku halali. Anazunguka nyumba mpaka majogoo. Mchana ndiyo hivi. Juzi alimpiga Melania kwa sababu amecheka, halafu akakaa chini akalia yeye kuliko mtoto. Mimi nimeolewa na mtu mpole, shemeji. Huyu simjui."

"Mama Melania, acha maneno," akasema Donatus.

"Siachi."

Nikamwuliza Donatus likizo yake alikwenda wapi. Akasema pori la Runzewe, kurina asali kwa wakwe zake. Lini? Baada ya mavuno. Kuna mbung'o? Akacheka kidogo. "Makoye, pori la asali lisilo na mbung'o umeliona wapi?"

Basi niwaeleze. Kazi yangu pale kizuizini ilikuwa wavu. Mtu akitoka pori na baiskeli au mzigo, tunamwingiza kwenye banda la giza, tunampapasa mgongoni kwa wavu, mbung'o aliyejificha tunamkamata tunamwua, mtu anakwenda zake. Udaktari sina. Lakini nimeona watu wakipitishwa pale kwa machela, wamelala mchana, mikono inatetemeka, na ndugu zao wanasema ni mchovu tu, ni mvivu tu, ni pombe. Kila mmoja alikuwa na jina la kuufunikia ugonjwa ule wa mbung'o. Sisi tulikuwa na letu, Popo.

Nikasema, "Ni malale."

Sikutaka kulisema neno lile mbele ya mkewe, lakini lilikwisha kutoka. Euphrasia akashika mdomo.

Donatus alikasirika. "Wewe ulikuwa mtu wa wavu, si daktari."

"Kweli."

"Basi nyamaza. Unajua wanafanya nini? Wanakulaza ubavu kama mbuzi, wanakuchoma sindano kwenye uti wa mgongo. Nimemwona aliyechomwa. Hakusimama wima tena. Na nyumba hii? Siku nikiingia hospitali wanaweka mtu mwingine kwenye kengele, na mtu mwingine kwenye nyumba. Watoto nawapeleka wapi?"

Cornel, ambaye siku zote ana maneno, alikuwa ameshika kofia yake anaizungushazungusha. Mwishoni akasema kwa upole, "Donatus, mimi ndiye niliyecheka. Sasa naogopa. Tufanyie hilo, nenda tu wakuchome kidole watazame damu."

Akakubali. Kesho Jumatatu, akasema, akitoka kazini. Tulilala palepale, mimi na Cornel kwenye mkeka. Nilisali kama sijasali tangu chuoni.

Asubuhi jua limekwisha kutoka, Euphrasia alituamsha. Alikuwa amebeba viatu vya mumewe.

"Amekwenda mgodini peku," akasema. "Ameviruka hapa mlangoni. Shemeji, mtu wa mgodini haendi peku."

Tukaondoka wote watatu karibu tunakimbia, yeye na viatu kifuani kama amebeba mtoto.

Lazima mjue kengele ile ilikuwa kitu gani. Shimo linakwenda chini wima, na ndani yake kuna kizimba cha chuma kinachoning'inia kwa waya, kinapanda na kushuka. Kikipanda na mawe, mtu wa winchi anakivuta kwa nguvu zote, mawe hayana mifupa. Kikipanda na watu, anakivuta polepole. Lakini mtu wa winchi yuko kwenye kibanda chake, haoni kilichomo. Anasikia kengele tu. Wa chini wanagonga, Donatus pale mdomoni mwa shimo anasikia, naye anavuta kamba kumpelekea wa winchi, haya ni mawe, hawa ni watu. Ndiyo kazi yake yote. Ni kazi ya kuwa macho.

Tulipofika alikuwa amesimama mahali pake. Kwa mbali ungesema mzima. Tulipokaribia niliona magoti yake yanakunjika kidogo na kunyooka, kama mti unaotaka kuanguka. Mkono wenye kitambaa umeshika kamba. Macho yamefumba.

Kengele ya chini ikalia. Hakusikia. Ikalia tena, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira.

Wanawake walikuwa hawaruhusiwi pale. Euphrasia alisahau, au hakujali. Akaita kwa sauti kubwa, "Baba Melania!"

Donatus akashtuka. Nikamwona akifumbua macho na mkono wake ukivuta kamba wenyewe, kabla yeye hajaamka sawasawa. Kengele ikalia kwenye kibanda cha winchi, na hata mimi nisiyejua kazi ile nilijua, kwa jinsi uso wa kijana mmoja wa mikokoteni ulivyobadilika. Akasema, "Hiyo ya mawe."

Waya ukaanza kukimbia. Sijasikia mlio kama ule, mlio wa nyuki milioni. Kutoka chini shimoni ikaja sauti, si maneno, ni sauti tu ya watu, inakua inapanda. Yule kijana alikimbilia kibanda cha winchi akipunga mikono anapiga yowe. Cornel alikuwa amepiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe. Mimi nilisimama tu. Donatus alikuwa anaitazama kamba iliyo mkononi mwake.

Wa winchi alimwona yule kijana, akakanyaga breki. Kizimba kikatokea juu, kikagonga mbao, kikaruka, kikaning'inia kinayumba. Mlango ukafunguliwa. Wakatoka watu, wengine kwa magoti, wengine wanatapika. Hakufa mtu. Mmoja, Onesmo, paji la uso limepasuka, damu inamwingia jichoni, alisimama akauliza kwa sauti ya chini kabisa, ambayo ilitisha kuliko angepiga kelele:

"Nani ametupandisha kama mawe?"

Donatus akaiachia kamba. Akakaa chini palepale. Euphrasia akachuchumaa mbele yake, akaanza kumvisha kiatu, mguu mmoja, kisha wa pili, akifunga kamba za viatu polepole kana kwamba hakuna mtu mwingine pale.

"Nipelekeni," akasema Donatus. "Sindano, mgongo, popote. Nipelekeni."

Cornel akaliita lori lake.

Hospitali walimchoma kidole, msaidizi wa daktari akainama kwenye kioo chake cha kukuzia, akamwita mwenzake naye atazame. Wadudu walikuwamo. Walimlaza siku ile ile, na uti wa mgongo walimchoma, na Euphrasia alimshika kichwa. Sitasema mengi juu ya dawa ile. Ilikuwa kali, na kwa muda hatukujua ni kipi kitakachomwua kwanza.

Hakufa. Alitoka watu wanaanza kulima. Mgongo ulikuwa umenyooka, ila mikono ilitetemeka, na hatua zake zilikuwa za mtu anayepita juu ya tuta. Nyumba ya bati ilikwisha kupewa mwingine, kama alivyosema. Cornel akamchukua Shinyanga, akampa kazi ya bustani ya shule, na kila nilipopita na kamba zangu niliwakuta. Euphrasia akiuza karanga, Melania akikua. Aliishi miaka mingi. Lakini mchana hakulala tena. Hata awe na homa, hata iwe sikukuu na wote wamejilaza baada ya kula, yeye atasimama. Akiona kope zinakuwa nzito ananyanyuka anakwenda kumwagilia kitu, hata kama mvua imenyesha jana.

Ila siku ile ya kwanza hospitalini, alipokuwa kitandani bado ana maneno, msaidizi wa daktari alimwuliza porini alikuwa na nani. Akasema alikuwa na Maganga, shemeji yake. Maganga alitafutwa, akachomwa kidole, hana kitu. Na mwingine? Donatus akafikiri, macho yanafumba yanafumbuka. Akasema kulikuwa na mtu waliyekutana naye kwenye moto wa warina asali, msafiri. Jina hakumwuliza. Walikula naye asali siku mbili. Mtu mcheshi, lakini alikuwa anasinzia na sega mkononi, nao wakamcheka sana. Alisema anakwenda migodini kutafuta kazi.

"Nikamwelekeza," akasema Donatus. "Nikamwambia lango lipi aulize." Kisha akalala.

Nilimwuliza msaidizi wa daktari habari za msafiri huyo, akasema ataandika barua migodini. Niliwauliza walinzi wenzangu wa zamani pale kizuizini, madereva wa malori, makarani wa migodi yote niliyopitia na kamba zangu begani, mpaka Bulyanhulu, mpaka nikawa mzee kama hivi. Wengine walicheka, wengine walisema warina asali ni wengi. Nami naendelea kuuliza lile lile moja. Yule mtu alipofika langoni, walimpa kazi gani?