Wakwe wanasema mzigo aliofungwa na mama yangu ndio uliomuua mke wangu

Naomba mfiche jina langu, maana hapa Ndosho, mjini Goma, tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, fundi mbao, baba wa watoto watatu. Mke wangu alifariki mwaka huu.

Zamani tuliishi Munigi. Volkano ilifunika nyumba yetu ya kwanza, tukajenga nyingine ya mbao juu ya mawe yaleyale ya lava. Hapo ndipo mke wangu alipopatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Tulivuka mpaka, akachomwa kwa mionzi, daktari akasema imezimika. Aliniomba nisimwambie mtu, hata mama yake. Kwao wanasema ni ugonjwa wa wanawake wanaozurura, na yeye hakuwa hivyo hata siku moja. Nilikubali.

Vita vilipofika Munigi tukakimbilia hapa Ndosho. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso. Siku hiyo mama yangu ndiye aliyemfunga mke wangu gunia la maharage, na godoro juu yake. Tulipokwisha kuzoea Ndosho, uvimbe mdogo ukatokea palepale kamba inapokaa, nywele zinapoanzia. Mama yangu akaugusa, akasogeza na paji lake lililobonyezwa na kamba.

"Ni kamba tu. Shika hapa kwangu, mimi niko na bonde kabisa."

Mke wangu akacheka. "Yako ni bonde, mama, yangu ni kilima. Naota pembe. Mwambie mutoto wako asinikasirishe."

Uvimbe ukakua, mgumu, hauumi. Akaanza kufunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi. Kituo cha afya wakampa dawa ya kupaka na vidonge. Tuliporudi, wakabadilisha vidonge. Nikamweleza mganga wa kituo, kwa sauti ya chini, kwamba aliwahi kuugua saratani ya kizazi. Akanitazama kama mtu aliyechanganya mambo.

"Papa, ile ilikuwa ya chini, hii ni ya kichwa. Zinakutana wapi? Aache kubeba."

Akaacha kubeba. Uvimbe haukuacha.

Daktari wa hospitali ndiye aliyekata kipande kidogo kwenda kupimwa. Hapa Goma hakikupata wa kukisoma, na ndege za kukipeleka kwingine hazikuwa zinatua kwa sababu ya vita. Tulisubiri mpaka uvimbe mwingine ukatokea nyuma ya sikio, mahali ambapo kamba haifiki. Jibu lilipokuja, ilikuwa saratani ileile ya kizazi, imesafiri na damu hadi kwenye ngozi ya kichwa. Daktari alisema ni jambo la nadra sana, ndiyo maana wengi hawalifikirii. "Lakini mutu aliyewahi kuugua saratani, kila uvimbe mupya unapimwa." Maneno mepesi hivyo, na hakuna aliyetuambia mapema. Yananiuma mpaka leo.

Siku za mwisho alinishika kidole kimoja tu, kama mtoto anayevushwa barabara. "Watu wa kwetu usiwaambie."

Sikuwaambia. Msibani baba mkwe akasimama: "Binti yetu hakuwa punda. Mama yako alimufunga mawe kichwani." Sasa wamesema mama asikanyage siku ya kuondoa kilio, tunapomaliza matanga. Mama naye hajui ukweli. Aliniuliza, "Ningebeba mimi lile gunia, angekuwa hai?" Nikasema hapana. Akajibu kwamba namfariji tu. Jana alifua kitenge alichotaka kuvaa siku hiyo, akakianika, kisha akakikunja na kukirudisha sandukuni.

Kuondoa kilio ni Jumamosi. Nikisema, nitamvua nguo marehemu mbele ya baba yake. Nikinyamaza, mama yangu atazeeka na kifo ambacho si chake. Ninyi mnaosoma, nishaurini: kati ya wanawake hawa wawili, nimlinde yupi?