Makopo Yangu Mikononi mwa Mama Keiko

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Kisii, kopo halikutupwa. La mafuta ya kupikia likiisha likawa kikombe, kikombe kikitoboka kikawa koroboi, koroboi ikichakaa tukaifanya gari la kuvuta kwa kamba. Ijumaa tulibeba mavi ya ng'ombe kukandika sakafu ya darasa, mikono inanuka mpaka Jumapili kanisani. Jumamosi tulifagia uwanja kwa zamu. Ukitoroka zamu yako, mama hakukuchapa. Alichukua fagio akafagia mwenyewe, kimya, watu wakiona. Afadhali kiboko. "Uchafu wako usiokotwe na mwenzio," alisema.

Nililelewa hivyo, halafu ona nilichofanya Minneapolis, huku Marekani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Binti yangu Moraa alihudumia wagonjwa, shifti mbili kwa siku, nami nikaletwa kumlelea watoto. Nikaona huku kila kitu kinatupwa, nikasema basi, nami nitupe. Maganda, makopo, nepi, yote mfuko mmoja, mpaka pipani nyuma ya jengo. Mlango wa pili alikaa Mjapani, mke wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Tulimwita Mama Keiko, kwa jina la bintiye aliyecheza na wajukuu zangu. Huyo aliosha makopo kabla ya kuyatupa! Magazeti aliyafunga kwa uzi kama zawadi. Nilimsimulia kanisani, kina mama wakashika mbavu.

Asubuhi moja ya theluji nikamkuta ameinama pipani, mfuko wangu wazi, makopo yangu mikononi mwake. Nikamfokea kwa Kiswahili, majirani wakichungulia madirishani.

"Mama mzima unachokora taka za watu! Unatafuta nini?"

Hakuelewa neno, lakini sauti aliielewa. Aliinamisha kichwa, akainamisha tena, vidole vyekundu kwa baridi.

Mjukuu wangu Kemunto, ambaye Kiswahili alikisikia tu na kunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alikitafuta chote alichokuwa nacho.

"Nyanya, wacha! Keiko aliniambia. Kwao, kwa mji yao, taka ya kuchoma ina siku yake, makopo yanaoshwa, yana siku yake. Na kila nyumba iko na zamu ya kusafisha hapo kwa taka. Anafanya zamu yake. Halafu anafanya yetu."

"Tangu lini?"

"Tangu ukuje, Nyanya."

Niliingia ndani. Nilijiambia sijui Kiingereza, kana kwamba kuomba radhi kunahitaji Kiingereza. Nikapanga kumpelekea chapati. Wiki ikapita, mwezi ukapita, aibu imenifunga miguu. Siku nilipozipika, mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Mama Keiko alikuwa amerudi kwao.

Enzi zetu fagio mikononi mwa mama lilitosha kukuliza. Siku hizi wajukuu zangu, watu wazima wenye magari, wanakunywa maji nusu chupa na kuiacha mezani kama vile ina miguu. Wakiniona nasuuza makopo wanacheka: "Nyanya anaosha takataka!" Siwagombezi. Nitawagombeza kwa mdomo upi?

Nikimaliza yetu, nafungua mfuko wa mlango wa pili. Anayekaa humo sasa simjui hata jina.