Mteja aliponiambia nifupishe maneno ya Mama Maganga

Wakuu, salamu kutoka Kahama. Huku tunakula vumbi na kumshukuru Mungu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi humu. Ila juzi nimeona kijana anauliza kama freelancing inalipa, na wengi mmemjibu habari za malipo tu. Hakuna aliyemgusia namna ya kuishi na wateja. Nikasema ngoja niandike lililonipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi.

Majina nimebadilisha. Kijiji sitakitaja, maana watu wake wapo na wana simu kubwa kama zetu.

Niiteni Limi. Ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ukalimani na tafsiri. Kisukuma nimezaliwa nacho, Kiswahili nimekua nacho, Kiingereza nimekisotea. Ofisi sina. Nina laptop, simu mbili, na meza pale sebuleni ambayo mume wangu haruhusiwi kuweka kikombe chake cha chai juu yake.

Kazi huku ipo. Leo ni wakala wa mizigo Isaka anataka nyaraka zake zitafsiriwe, kesho ni kanisa lina mgeni, keshokutwa ni watafiti. Wazee wetu wengi Kiswahili wanakisikia vizuri tu, lakini jambo likiwa zito wanarudi kwenye Kisukuma. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Sasa, mteja wangu mkubwa kuliko wote alikuwa kaka mmoja, nitamwita Fidelis.

Fidelis ni mratibu. Kampuni za ushauri zikipata kazi kanda hii, yeye ndiye anatafuta gari, anapanga vikao na wenyeviti wa vijiji, anatafuta wakalimani. Mimi alinitoa mbali. Nilipoanza, hakuna aliyekuwa ananiamini, mwanamke tena mwenye mtoto mgongoni. Yeye ndiye alinipa kikao changu cha kwanza na akaniambia, "Usiogope, ongea kama unaongea nyumbani."

Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea. Huyu si mtu mbaya kwenye hii habari.

Basi, akanipigia. Kuna mradi wa bomba la maji, linapita vijiji kadhaa upande wa Segese. Anakuja mtaalamu wa masuala ya jamii kutoka nje, mama mmoja, nitamwita Karin. Kazi ni kutembelea kaya ambazo bomba linapita kwenye maeneo yao, kuwaeleza, kusikia majibu yao.

Tukaenda. Kaya za mwanzo zilikuwa nyepesi. Huyu ana mhogo, yule ana ukuta wa choo. Watu wanauliza maswali, wanajibiwa, tunaagana.

Tukafika kwa Mama Maganga, tukiwa na mwenyekiti wa kitongoji chake.

Ni mama mtu mzima, mjane, mwembamba, anaishi na mjukuu wake wa kike. Alitutandikia ngozi, akaazima viti kwa jirani, akamkalisha Karin kwenye kile kizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipomwambia akacheka, kumbe anamjua shangazi yangu.

Tatizo la pale halikuwa mhogo. Bomba lilikuwa linapita juu ya kaburi la mume wake.

Karin alieleza kwa heshima sana, sitamwonea. Alisema mradi utagharamia kuhamisha kaburi, na taratibu zote za kimila zitafuatwa kama familia itakavyotaka. Akaomba kujua kama mama anaridhia. Nikatafsiri neno kwa neno.

Mama Maganga alimwangalia mwenyekiti, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa Kisukuma, taratibu:

"Nimesikia. Mmekuja vizuri, mmekaa, mmesema. Lakini mimi hapa nilikuja kuolewa. Kaburi lile lina mwenyewe, na mwenyewe ni Maganga, mtoto wake wa kwanza. Maganga yuko Geita machimboni. Baba yake alipokufa tulimtafuta, wakasema yuko chini ndani ya duara, shimo lao la dhahabu, wengine wakasema amehamia shimo lingine. Tulizika hayupo. Nikiwajibu mimi leo, nitakuwa nimemzika baba yake mara ya pili bila yeye."

Nikavuta pumzi nianze kutafsiri.

Fidelis akaniinamia sikioni. "Dada, fupisha. Mwambie mama ameelewa, hana pingamizi. Bado tuna kaya nyingi na jua ndiyo hilo."

Wakuu, pale ndipo mtihani ulipo.

Maana kama ni uongo, ulikuwa mdogo sana. Mama alikuwa amesema "nimesikia". Huku kwetu mtu akikuheshimu ataanza na nimesikia hata kama hakubaliani na lolote. Mgeni asiyejua akiambiwa "she understands", anaandika amekubali na maisha yanaendelea. Hakuna ambaye angenishika.

Na aliyeniomba ni mtu aliyenishika mkono nikiwa sina kitu.

Karin alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Mama Maganga naye alikuwa ananitazama. Nilichokiona usoni kwake ni kwamba alikuwa anasubiri maneno yake yafike. Hivyo tu. Kama mtu aliyetuma mzigo na gari limeondoka stendi.

Nikatafsiri yote. Mpaka lile la kuzika mara ya pili.

Karin akaweka kalamu chini. Akauliza Maganga anapatikanaje. Mwenyekiti akasema atatafutwa kupitia vijana wanaotoka kule. Karin akasema basi kaya hii isubiri, na kipande kile cha bomba kisubiri pia.

Nilimwona Fidelis anaangalia pembeni.

Tulimaliza kaya zilizobaki. Tukamshusha Karin hotelini, tukabaki wawili kwenye gari na dereva. Fidelis hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Limi, umenivua nguo mbele ya mteja wangu."

"Kaka, mimi nimetafsiri alichosema mama."

"Najua alichosema. Na mimi Kisukuma nakisikia. Lakini ratiba ikichelewa, unadhani nani anapigiwa simu kesho asubuhi? Si Karin. Si wewe. Ni mimi."

Niseme ukweli, siku zote nilikuwa namwona Fidelis kama mwisho wa ngazi. Yeye ndiye boss, yeye ndiye anatoa kazi. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba na yeye ana mteja wake, ana mtu anayemwogopa.

Akanishusha karibu na stendi. "Asante kwa kazi," akasema, akafunga kioo.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mume wangu. Yeye ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Ungefupisha, nani angejua?"

"Yule mama angejua."

"Atajuaje na Kiingereza hasikii?"

Nikaenda kupika.

Baada ya hapo kimya. Vijiji vilivyobaki Fidelis alimchukua mkalimani mwingine, kijana mmoja tunajuana naye, mzuri tu. Nilijua kwa sababu aliweka picha za safari kwenye status. Nikaziangalia zote, mpaka ile ya kuku wa kuchoma.

Kuna upweke kwenye hii kazi ambao walioajiriwa hawaujui. Ukikosana na bosi ofisini, kesho utamkuta pale pale, mtasalimiana hata kwa kununa. Freelancer hafukuzwi. Simu inaacha kuita, basi. Unabaki unajiuliza kama umeachwa au kazi hakuna. Ikiita unaruka, kumbe ni watu wa vifurushi.

Nikaishi na wateja wadogo. Nikaenda Isaka mara kadhaa, nikatafsiri mahubiri ya mgeni kanisani, nikamsaidia dada mmoja na tasnifu yake. Na kila siku nilikuwa nabishana na Fidelis kichwani nikiwa naosha vyombo. Kichwani huwa nashinda, wakuu.

Siku moja mchana namba yake ikaita.

"Maganga amepatikana," akasema bila salamu. "Anakuja kijijini. Karin anataka mkalimani awe yule yule wa mwanzo."

Nikasikia kabisa kwamba lile halikuwa ombi lake. Nikamwambia, "Sawa kaka, nitakuja." Nikataka kuongeza neno, akawa ameshakata.

Tukarudi kwa Mama Maganga.

Maganga alikuja na bodaboda. Mwanaume wa makamo, kifua kipana, shati limepigwa pasi, lakini kucha zake zilikuwa bado na weusi wa machimbo. Mama yake alikaa ameuegemea ukuta. Hawakukumbatiana. Alimwamkia mama yake kwa adabu, akakaa.

Karin akaeleza upya yote. Nikatafsiri. Moyoni nilikuwa nimeshamwandalia Maganga maneno yake. Nilitegemea atasema jambo zito juu ya baba yake, jambo ambalo hata Fidelis angelisikia na kusema kweli, ilifaa kusubiri.

Maganga akasema, "Hamisheni. Hata kesho. Mimi sina muda wa kukaa, duara langu linanisubiri."

Basi. Hayo tu.

Nikahisi kama nimemwagiwa maji. Nimepoteza mteja ili huyu mtu asubiriwe, halafu anakuja kujibu kama anaagiza soda.

Na nitawaambia kitu. Pale pale nikajikuta natafuta Kiingereza cha kumpamba. Nilitaka nimwambie Karin kwamba Maganga anasema ametafakari, ameridhia kwa niaba ya ukoo, maneno ya namna hiyo. Nilipoinua macho nikakutana na macho ya Fidelis. Alikuwa ananisubiri. Kisukuma anakisikia, si alishaniambia.

Nikatafsiri kama lilivyosemwa, kavu, na duara lake ndani.

Karin alishangaa kidogo. Akaniomba nimuulize mama kama yuko sawa.

Mama Maganga akasema, "Niko sawa, mwanangu. Sikuwa na shida na bomba, hata mimi nataka maji. Nilitaka tu aseme yeye. Ameshasema." Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sasa nenda kamwonyeshe baba yako sura."

Maganga alibaki amekaa. Akapangusa mapaja yake kama mtu mwenye vumbi. Halafu akasimama, akaenda nyuma ya nyumba kulikokuwa na kaburi.

Huyu aliyekuwa hana muda, tulimsubiri. Mjukuu akaleta uji, ukapoa. Fidelis aliangalia saa mara moja, kisha akatia mkono ule mfukoni, hakuutoa tena.

Maganga aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakupita kwangu. Alimwendea Fidelis moja kwa moja, akamwambia kwa Kiswahili:

"Kaka, siku ya kuhamisha naomba mniambie mapema. Nitambeba mwenyewe."

Fidelis akajibu, "Nitakupigia mimi mwenyewe."

Ilibidi nimtafsirie Karin. Sentensi fupi kabisa. Nikaianza mara mbili.

Kwenye kurudi, Fidelis alisimamisha gari Segese, akanunua miwa. Akanipa kipande, tukasimama pembeni ya gari tunatafuna.

"Siku ile ungeniita pembeni," akasema.

"Ungenikubalia?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kama angeniomba msamaha.

Tukakubaliana pale pale. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kikao chochote tunakaa kwanza tunapanga. Nitafsiri yote au muhtasari, na mgeni aambiwe wazi kwamba huu ni muhtasari. Na akiwa na haraka, aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba muda umeisha. Asipitishe haraka yake kwenye ulimi wangu.

Je, mambo yamerudi kama zamani? Hapana. Kazi ananipa, ila zile za chapuchapu anampa yule kijana. Inauma, sitaficha. Lakini zile ambazo neno moja likipotea mtu anaumia, ananipigia mimi.

Nilichojifunza, kwa anayeingia kwenye hizi kazi: mpende mteja wako, na ujue kwamba na yeye ana mteja wake anayemkosesha usingizi. Nusu ya ukali wake si wako. Ongeeni masharti mapema, mkiwa mmetulia, maana kikaoni mnong'ono wa sikioni huwezi kuujadili. Halafu ujue kipi umeuza na kipi huna mamlaka ya kukiuza. Muda wangu nimemuuzia Fidelis, jasho langu pia. Maneno ya Mama Maganga hayakuwa yangu, nisingeweza kuyapunguza wala kuyapamba, hata ya mwanawe yaliponiudhi.

Hapo sijui kama nimeliweka vizuri. Nalifikiria bado.

Sasa nawauliza mafundi, wapiga picha, wahasibu wa kujitegemea, wachora ramani na wengine wote: mteja aliyekutoa mbali akikuomba upunguze kitu ambacho si chako kupunguza, mnamjibuje na mkabaki mnasalimiana?

Hata anayeona nilikosea aseme, sina kinyongo. Nitajibu mmoja mmoja, umeme wa hapa Kahama ukiniruhusu.