Jeraniamu Yangu Chotara

Hasira hii sijaimaliza, na siandiki ili iishe.

Kwa miaka sita nilikuwa nachanganya jeraniamu mbele ya nyumba yetu, Kirua Vunjo. Nilitaka mmea mmoja uliozaliwa na aina mbili: ile ya majani yanayonukia limau, na ile itambaayo yenye maua mekundu. Unalifungua ua kabla halijafunguka lenyewe, unang'oa vikonyo vyake vyenye chavua, unasubiri siku chache, kisha unalipaka chavua ya mwenzake kwa brashi ndogo. Halafu unafunga uzi wa alama na kungoja mbegu. Mbegu zangu nyingi zilikuwa kapi tupu. Mume wangu alinitania kwamba hata ng'ombe wetu hapandishwi kwa mbwembwe hizo.

Mbegu moja ikaota. Moja tu! Niliipanda kwenye kopo la rangi. Mche wake ulikuwa dhaifu, majani yamefifia, lakini ukiyafikicha yananukia limau, na shina linatambaa. Desemba iliyopita ukatoa tumba la kwanza. Sikukata kipande nikapande pembeni. Nilitaka kwanza nione rangi ya ua. Ujinga huo ni wangu, naubeba.

Wiki ya Krismasi, ndugu wanapopanda huku mlimani kutoka mijini, wifi yangu alikuja kutoka Rau kutusaidia kusafisha. Mimi nilikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Maua yetu ya kununua, ya aina iliyojaa kila kona ya Moshi, aliyaacha kwa kuwa yalikuwa yamechanua. Mche wangu aliung'oa, akamtupia ng'ombe pamoja na majani ya migomba. Ng'ombe hakuula, kwa ile harufu. Aliukanyaga. Niliukuta umesagika kwenye samadi, sikupata hata kipande kizima cha kuchomeka.

Nilifoka mpaka majirani wakatoka, na wifi akateremka Rau jioni ileile.

Kesho yake alirudi na tawi la isale. Huku kwetu anayekuja na isale hanyimwi msamaha, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

"Wifi, nisamehe. Mimi niliona magugu tu."

"Nani anapanda magugu kwenye kopo?"

Mume wangu akakohoa. Nikapokea tawi, nikasema nimesamehe, maana sikuachiwa neno lingine.

Nililichomeka kwenye kopo lilelile. Limeshika bila kubembelezwa, limetoa majani mapya matatu. Kila asubuhi nalimwagilia, na kila asubuhi nakasirika upya.