Mafundo ya Badawi

Mahadhi wa Mambrui alikuwa mtu mpole, mwenye baiskeli moja, mama mmoja na kinyongo kimoja. Baiskeli aliisugua kila Ijumaa. Kinyongo alikisugua kila siku.

Kinyongo chenyewe kilianzia kwenye maembe. Kila kiangazi, embe zikiiva huko Marafa, vijana wa baiskeli huzishusha pwani kwa mapakacha, na siku ya mwisho ya msimu Mzee Farjallah, mnunuzi wao, huwashindanisha. Masharti yake yajulikana: kila mtu na mapakacha mawili kwenye keria, wote wasimame Gongoni mpaka adhuhuri iswaliwe kwa jamaa, ndipo waondoke pamoja, na mshindi si wa kufika tu, ni wa kwanza kufungua mzigo kwa mikono yake mwenyewe na kuuweka mzima mkekani, barazani kwake Mambrui. Kamba ikikatwa, mzigo huhesabiwa kuwa umemwagika.

Mwaka wa themanini na tatu Mahadhi ndiye aliyekuwa akiongoza. Alitoka msikitini Gongoni, akapanda baiskeli, na kwenye mteremko wa kwanza mapakacha yakamkimbia. Maembe yakabingirika mpaka mtaroni, mbuzi wakafanya karamu. Fundo alilolikaza kwa goti lake lilikuwa limefunguliwa. Na mtu pekee aliyetoka msikitini mapema, watu wangali wanaleta uradi baada ya swala, alikuwa Badawi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Shahidi hakuwepo, na kumsingizia mtu ni dhambi, basi Mahadhi akanyamaza. Badawi akashinda, kisha yeye huyo huyo akampa mwenzake jina: Bwana Karamu ya Mbuzi.

Jina likashika kama ulimbo. Lakini lililomkata maini Mahadhi ni jibu la Mzee Farjallah, alipopelekewa posa ya bintiye Zuleikha.

"Kijana simkatai," alisema mzee. "Lakini mapakacha mawili yamemshinda, nyumba ataibebaje? Na ashinde kwanza, kisha tuzungumze."

Bi Mwanatumu, mamake Mahadhi, alimwona mwanawe hali hanywi. "Mwachie Mungu, mwanangu."

"Nimemwachia, mama. Ila nataka niwepo siku atakayolipa."

Kiangazi kilichofuata hakuna njia ambayo baiskeli ya Mahadhi haikuipita. Alishindana kwenye mchanga wa Adu, tairi zikizama kama kijiko kwenye uji. Alishindana Dabaso, kando ya mikoko, akatoka na matope mpaka kwenye kope. Huko Marafa alishuka kwenye korongo jekundu na wenzake, wakalala nje juu ya magunia, wakaamshwa na ndege, wakanywa maji ya mtungi yenye ladha ya moshi. Miguu ikawa migumu kama mchi. Alikuwa na raha, tena raha ya kweli, na haikumpunguzia kinyongo hata punje. Kilikolea tu, kama achari iliyoanikwa juani.

Na kila walipokutana na Badawi, kabla ya kuondoka, alimsogelea kwa adabu zote.

"Sabalkheri, Bwana Badawi. Mzigo umekaza?"

Basi. Hakuongeza neno, wala hakugusa kamba ya mtu. Badawi alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliitazama keria yake. Mara ya tatu alifunga fundo jingine. Kufika mwezi wa pili mapakacha yake yalikuwa yamezungushwa kamba kama mgonjwa aliyevunjika mbavu, na Mahadhi akawa halali usingizi kwa furaha.

Siku ya mwisho ikafika. Walitoka Marafa saa nne asubuhi, wakafika Gongoni jua la utosi. Wote wakatia udhu. Badawi akabaki nje, ameshika usukani.

"Huingii, mwanangu?" aliuliza mwadhini.

"Nitaswali Mambrui, maalimu. Naangalia mzigo."

"Mzigo? Nani aibe maembe mlangoni pa msikiti?"

Badawi akazipapasa kamba zake. Wale vijana wakatazamana, kisha wakamtazama Mahadhi, na mmoja akasema polepole, "Kumbe." Neno moja tu, lakini mwaka mzima Mahadhi alikuwa akilingoja.

Akaingia akaswali, akaongeza na sunna zake, bila haraka. Nje Badawi aliungua na jua, na kwa hofu ya mafundo kulegea akayamwagia maji yote aliyokuwa nayo. Kamba ya katani ikilowa huvimba, ikikauka juani hukaza mpaka ikalia.

Kutoka hapo Badawi alikimbia kama anayefukuzwa. Alifika barazani kwa Mzee Farjallah wa kwanza, akaruka, akashika fundo. Fundo likamtazama. Akaingiza kucha, kisha meno. Mahadhi akafika nyuma yake, akaegemeza baiskeli ukutani, akavuta ncha moja ya kamba yake. Ikafunguka. Akayabeba mapakacha, akayalaza mkekani kama watoto waliolala.

"Mzigo mzima," alisema Mzee Farjallah. Akakohoa kidogo. "Mwambie mamako namngoja Alhamisi, yeye na wazee wenu."

"Inshallah, mzee."

Badawi alikuwa bado kwenye fundo la tatu, vidole vinamtoka damu. "Mahadhi, nipe mkono basi, ndugu yangu. Watu wanacheka."

"Ningekusaidia, wallahi. Lakini mzigo wa mtu hauguswi. Au wangu uliguswa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mahadhi akachagua embe ngowe moja, akaketi mbele yake hasa, akaimenya taratibu kwa kisu.

"Badawi, alasiri inakaribia," alisema Mzee Farjallah, aliyekwisha kusikia ya Gongoni kwa vijana. "Na adhuhuri hujaiswali."

Hapo Badawi akapandwa na hasira, akamnyang'anya Mahadhi kisu, akakata kamba zote kwa pigo moja. Mapakacha yakapasuka, maembe yakatawanyika uani mpaka njiani. Mbuzi wa Mambrui hawakungoja kuitwa.

Mahadhi alimaliza embe yake, akainyonya kokwa mpaka ikawa nyeupe, akalamba na vidole. Kisha akainuka kwenda kutia udhu, akitembea polepole kama mtu aliyetoka karamuni.