Damu Iliyoombwa kwa Anwani ya Zamani

Mashine ilisema ombi la damu limepokelewa.

Kweli lilipokelewa, jamani. Na chumba kitupu.

Mimi ni bibi tu, kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Lakini siku hiyo nilikuwepo, kitukuu mgongoni, nikaona yote.

Mjukuu wangu, ninayemwita mke mwenzangu, huandika programu akiwa nyumbani. Ndiye aliyeandika ile ambayo hospitali hutumia kuomba damu kutoka benki ya damu.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Daktari.

"Dada, nina mzazi anavuja damu! Nimeomba tangu saa tatu, kimya!"

"Wapigie benki, daktari."

"Hawapatikani! Kila hospitali inawapigia!"

Mke mwenzangu alikaa kwenye kompyuta na kandambili mguu mmoja.

Asubuhi hiyo benki ilikuwa imehamia jengo jipya, na mashine mpya.

"Jina la mashine yao ni lile lile, namba ndiyo mpya," aliniambia, vidole vikikimbia. "Programu yangu huiuliza namba maktaba ya mfumo, bibi. Kama unavyomuuliza mtu wa mapokezi, fulani yuko chumba gani."

"Na huyo wa mapokezi anasemaje?"

"Ananipa chumba cha zamani!"

Na mashine ya zamani bado inawaka. Inapokea maombi, hakuna anayeyasoma.

Akawasha programu upya. Vile vile.

Akaandika nyingine ya mistari michache, kazi yake kuuliza jina lile tu. Vile vile.

Akaiuliza mwenyewe seva ya majina huko nje, ile mashine inayotunza namba za mashine zote. Namba mpya!

"Sasa maktaba inanidanganya kwa nini?"

Daktari alikuwa bado kwenye simu. Tunamsikia akipumua.

Nisaidie nini mimi? Nilimletea maji, hakuyaona. Nikamfuta jasho shingoni.

Mara akajipiga paji la uso. "Faili!"

Kumbe maktaba ile, kabla ya kuuliza nje, husoma kwanza kifaili kimoja humo humo kwenye mashine. Ikikuta jibu, haiendi kokote.

Akakifungua. Namba ya zamani hiyo hapo, imeandikwa kwa mkono wa mtu. Juu yake maelezo. Akayasoma kwa sauti:

"Seva ya majina inagoma wikendi hii. Dada katoka kujifungua, mwacheni alale. Nitaufuta mstari huu Jumatatu."

Yalikuwa ya mfanyakazi mwenzake, yule tuliyemwita Mpole.

Jumapili ile gari lilimgonga. Jumatatu tulikuwa makaburini.

Mwaka mzima mstari ule ulikaa pale, hakuna aliyejua.

Akaweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa. "Siwezi, bibi."

"Futa, mama. Angeufuta mwenyewe."

Akafuta. Maombi yakaenda.

Baada ya nusu saa daktari akapiga. Damu imefika. Mzazi amefumbua macho.

Nilidhani mke mwenzangu atashangilia. Alilia mpaka mtoto akalia naye.

"Nililala siku mbili zile, bibi. Nikadhani ni bahati tu kwamba kazini hawakuniita. Hata ahsante hakuipata."

Nilikaa sakafuni karibu naye, basi.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, ukimtendea mtu wema, mwambie siku hiyo hiyo. Si majivuno. Mwambie umefanya nini na umekiacha wapi, naye apate nafasi ya kukushukuru ukiwa hai.